Namba Ndogo ya Chuma

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake haimsumbui hata mtoto. Mtu huchomwa na kijimwiba akakipuuza kwa kuwa ni kidogo, na siku zikipita mguu huvimba mpaka kiatu kikataa kuingia. Hapo ndipo huanza kumtafuta mwenye sindano, na mara nyingi huyo ndiye yule yule aliyechekwa siku aliposema, "Ndugu, una mwiba." Mwiba wa kisa hiki ulikuwa mdogo kweli kweli, kwani ulikuwa namba tu, mbili au tatu, na aliyeudharau alikuwa mwalimu mwenye digrii.

Katika shule moja ya sekondari, mwisho wa ujia mrefu uliopakwa rangi ya kijivu, palikuwa na maabara ya kemia. Meza zake zilikuwa nyeusi, mabomba yake sita, na mawili kati ya hayo yalivuja mchana kutwa. Mtunza maabara alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu, kuanzia mlinzi wa lango hadi wanafunzi, alimwita Mama Chupa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameosha chupa, akapima poda, akachanganya asidi na kubandika lebo. Kemia hakuisomea darasani, kwa sababu masomo yake yalikatika mapema, lakini macho na kumbukumbu alikuwa navyo. Alikuwa pia na daftari nene lenye jalada jekundu. Hakuna chupa iliyotoka kabatini bila kuandikwa humo: imetoka nini, kiasi gani, kwa agizo la nani, na mwalimu aliyeagiza atie sahihi chini yake.

Mwalimu wa kemia aliitwa Bingwa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Tumpe haki yake: mjinga hakuwa. Kemia aliijua, lakini aliijua kama mtu anayeijua nyumba yake gizani, hapapasi tena ukuta wala hawashi taa. Kwa miaka mingi alikuwa ameacha kuandika ile namba ya Kirumi inayofuata jina la chuma, namba inayoeleza chuma kimo katika hali gani ya oksidisho. "Hayo ni mapambo ya wauza vitabu," alizoea kusema. "Salfeti ya chuma ni salfeti ya chuma. Kila mtu anajua." Hata orodha ya lebo aliyompa Mama Chupa haikuwa na namba hiyo.

Siku moja alitoa jaribio. Swali la tatu lilisema: Andika fomula ya salfeti ya chuma. Wanafunzi thelathini na saba waliandika FeSO₄, kwa kuwa ndivyo Bingwa alivyopenda. Wa thelathini na nane alikuwa kitinda mimba wa Mama Chupa, msichana aliyebandikwa jina la Chiriku tangu utotoni kwa wingi wa maswali yake. Yeye aliandika hivi: "Swali halikutaja namba ya oksidisho ya chuma. Ikiwa ni mbili, fomula ni FeSO₄. Ikiwa ni tatu, fomula ni Fe₂(SO₄)₃."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Mwalimu mwenye moyo angemwita mbele darasa limpigie makofi. Bingwa alimwita mbele pia, lakini akaisoma karatasi yake kwa sauti ya kubana pua ili wenzake wacheke, kisha akachora sifuri kubwa iliyokula nusu ya ukurasa. Wala hakufuta swali la tatu peke yake, alifuta jaribio zima!

"Mtoto wa muosha chupa anataka kunifundisha mimi?" aliuliza. "Utaandika barua ya kuomba radhi na mzazi wako ataitia sahihi. Bila barua hiyo, mtihani wa vitendo wa majaribio hutaufanya. Na asiyeufanya huo, jina lake siliandikishi kwa mtihani wa mwisho wa kemia."

Chiriku alirudi kwenye kiti chake. Machozi yalimlengalenga lakini hayakudondoka.

Jioni hiyo, Mama Chupa alikuta karatasi nyeupe mezani nyumbani, na bintiye ameketi mbele yake na kalamu mkononi. Aliposikia yaliyotokea, hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha hofu ikaja nyuma yake, kama inavyowajia wazazi wengi ambao mtoto wao yuko chini ya mkono wa mtu mwingine.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Andika, nitatia sahihi, yaishe."

"Mama, ningeandika. Lakini niandike nimekosa nini? Nimekaa hapa tangu saa kumi nalitafuta hilo kosa, silioni."

Mama Chupa alivuta kigoda. "Hebu nieleze hicho ulichoandika. Polepole, mimi si Bingwa."

Chiriku alimwaga mezani vifuniko vya soda ambavyo wadogo wa jirani huchezea. Vyekundu akaviita chuma, vyeupe akaviita salfeti. "Chukulia kila mmoja ana mikono, Mama. Salfeti siku zote ana miwili. Chuma ana tabia mbili: mara nyingine anatoa mikono miwili, mara nyingine mitatu. Hiyo ndiyo namba ya oksidisho. Na sharti ni moja, mkono usiachwe ukining'inia."

"Akitoa miwili?"

"Anashikana na salfeti mmoja, wamemalizana. FeSO₄. Sasa akitoa mitatu, salfeti mmoja anashika miwili, mmoja wa chuma unabaki. Nikiongeza salfeti wa pili, anaushika huo, halafu yeye ndiye anabaki na mkono mmoja mtupu." Aliendelea kuongeza vifuniko hadi vikawa vyekundu viwili na vyeupe vitatu. "Hesabu, Mama. Chuma wawili, mikono sita. Salfeti watatu, mikono sita. Hakuna aliyebaki."

"Na hayo mabano?"

"Salfeti ni familia, salfa mmoja na oksijeni wanne. Ile tatu ya nje ni ya familia nzima. Ukiondoa mabano utakuwa umempa oksijeni peke yake."

Mama Chupa alivitazama vifuniko. Maishani mwake alikuwa amebandika lebo zisizohesabika, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kukaa dakika tano kumwambia lebo hizo zinasema nini. Jambo hilo nalo lilimuuma. Kisha wazo likampitia, akainua kichwa.

"Huyo wa mikono miwili, chumvi yake si ni ya kijani? Vijiwe vya kijani hafifu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wa mitatu ni poda ya manjano, inakwenda kwenye ukahawia?"

"Umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu leo asubuhi duka la kemikali wameleta kopo jipya la salfeti ya chuma kwa ajili ya mtihani wenu. Bingwa aliandika agizo mwenyewe, nililiona, halikuwa na namba yoyote. Nimefungua kopo, mna poda ya manjano tupu."

Chiriku aliacha vifuniko. Mtihani wa vitendo ulikuwa ule ule kila mwaka, na shule nzima iliujua: kudondosha pamanganeti ya zambarau ndani ya mmumunyo wa chuma, na kupima kiasi kinachohitajika hadi rangi ikatae kufutika. "Lakini Mama, kazi ya pamanganeti ni kumgeuza chuma wa mbili awe wa tatu. Anapogeuka ndipo zambarau inapotea. Huyu ambaye ni wa tatu tayari atageuzwa awe nani? Tone la kwanza tu, rangi inabaki. Watu wote watapata sifuri!"

Mama Chupa aliichukua ile karatasi nyeupe, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. "Barua hatuandiki," alisema.

Kesho yake saa mbili kasorobo aliingia chumba cha walimu na kopo kifuani. Bingwa alikuwa akinywa chai na wenzake wanne.

"Mwalimu, samahani kwa kukukatiza. Hili kopo si lile tunalotumia. Hapa wameandika chuma, halafu namba tatu ya Kirumi. Wanafunzi wanahitaji ya mbili."

Bingwa hakuligusa kopo wala hakulitazama. Aliwageukia wenzake kwanza, kuhakikisha wanasikiliza. "Jamani, mmeona maajabu? Mama Chupa amekuwa mkemia! Kemia ulisomea wapi, mama? Kwenye karai?"

Walimu wawili walicheka. Mmoja aliinamia kikombe chake kwa aibu lakini hakusema neno, na kwa hilo hana tofauti kubwa na waliocheka.

"Karai nalijua, Mwalimu," alijibu Mama Chupa. "Na hii poda naijua. Nakuomba utazame tu."

"Kazi yako ni kuosha na kubandika lebo. Bandika lebo ya kawaida. Na ile barua iko wapi?"

"Siitii sahihi. Mwanangu hakukosa."

"Basi mtihani wa kesho atausikilizia dirishani," alisema Bingwa, akarudia chai yake.

Mama Chupa alirudi maabara na kuliweka kopo mezani. Kisha akafungua daftari jekundu na kuandika kwa herufi kubwa za wazi: Salfeti ya chuma, kopo jipya. Lebo ya duka inasema (III). Nimemweleza mwalimu kuwa mtihani unahitaji (II). Mwalimu ameagiza itumike hivyo hivyo. Mchana Bingwa alipopita kukagua, simu ikiwa sikioni, alimsogezea daftari. Akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka yote, bila kusoma neno.

Angeweza kuishia hapo. Aliyedharauliwa kiasi kile angekuwa na haki ya kufunga mlango na kwenda kulala. Lakini aliwafikiria wale watoto wengine thelathini na saba ambao hawakuwa wamemkosea kitu. Akavuta kutoka nyuma ya kabati chupa ya zamani ya salfeti ya kijani. Juu ilikuwa imeota ukoko wa kahawia. Aliukwangua kwa kijiko, akachambua vile vijiwe safi vya chini kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele, vikatimia gramu mia moja na kumi na moja. Asubuhi ya mtihani aliviyeyusha katika asidi hafifu, akaifunga chupa vizuri na kuiweka chini ya meza yake.

Saa tatu mtihani ulianza. Chiriku alikuwa ameketi nje kwenye benchi la ujia, sare imenyooshwa na kalamu mkononi. Ndani, wanafunzi walijaza pamanganeti katika bureti zao, ile mirija mirefu ya kioo yenye vipimo, wakafungua koki na kudondosha. Tone la kwanza likaanguka, na mmumunyo ukawa waridi na kubaki waridi.

"Mwalimu, mimi nimemaliza," alisema mmoja kwa mshangao. "Tone moja."

"Na mimi!"

"Mwalimu, yangu imegoma!"

Bingwa alikimbia meza hii na ile. Kwanza alilaumu bureti, akaamuru zioshwe. Kisha akalaumu pamanganeti kuwa kali mno, akaamuru iongezwe maji. Rangi ilibaki pale pale. Kwenye meza za nyuma wajanja walikwisha kuanza kujibunia majibu, ishirini na nne nukta sita, kama walivyosikia kwa waliowatangulia. Jasho likamtoka Bingwa. Mtu wa namna yake anapokosa cha kulaumu humtafuta wa kumlaumu, naye hakwenda mbali.

"Wewe!" alimfokea Mama Chupa mbele ya darasa zima. "Umenihujumu! Umewaharibia watoto mtihani kulipiza kisasi cha binti yako! Leo utatoka hapa na ndoo yako!"

Kelele zilimfikia mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliyekuwa akizungukia vyumba vya mtihani. Akasimama mlangoni.

"Kuna nini?"

"Mwalimu Mkuu, huyu mama ameweka kemikali siyo, kwa makusudi!"

Mama Chupa hakufoka. Alikwenda kwenye meza yake, akaleta daftari jekundu, akalifungua na kuliweka mikononi mwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisoma kimya, kisha akasoma tena kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka kwenye ule mkia wa sahihi. Darasa lilitulia hata mabomba mawili yakasikika yakivuja.

"Hii sahihi ni ya nani, Mwalimu?"

"Ni yangu, lakini... sikusoma. Nina kazi nyingi."

"Na tofauti ya hizi namba mbili ni kubwa kiasi hiki?"

Bingwa aliinua flaski moja ya waridi, akairudisha mezani. Alijua. Hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwamba siku zote alijua. Msichana wa meza ya mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu Mkuu, Chiriku aliandika hayo kwenye jaribio. Akapewa sifuri, akakatazwa mtihani. Yuko hapo nje."

Mwalimu mkuu aligeuka. "Mwiteni."

Chiriku aliingia. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Ulipewa sifuri kwa kuandika nini? Andika ubaoni niione."

Chaki ilikwaruza. Msichana aliandika fomula zote mbili, ya mbili na ya tatu, akaeleza habari ya mikono, mabano ya familia, na sababu ya pamanganeti kukosa kazi ya kufanya. Hakumtazama Bingwa wala hakumkejeli. Alipomaliza, mwalimu mkuu alimuuliza Bingwa swali moja tu: "Kuna kosa hapo ubaoni?"

"Hakuna," alijibu Bingwa, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

"Basi tumepoteza mtihani."

"Hatujapoteza, Mwalimu Mkuu," alisema Mama Chupa. Akainama chini ya meza, akatoa chupa kubwa yenye mmumunyo wa kijani hafifu. "Hii ni ya mbili. Inawatosha wote thelathini na nane, nilipima na ya mwanangu."

Flaski zilioshwa, muda ukaongezwa, na Chiriku akapewa bureti ya thelathini na nane. Safari hii zambarau ilianguka ikapotea, ikaanguka ikapotea, hadi lilipokuja tone moja lililokataa kufutika, na vijana wakaandika namba zao za kweli.

Kabla ya kengele ya mchana, mwalimu mkuu aliamuru mambo mawili: jaribio la Chiriku lisahihishwe upya, na Bingwa aandike barua ya kuwaomba radhi mama na binti, isomwe mbele ya darasa lile lile. Saa nane Bingwa, mwalimu mkuu akiwa nyuma yake, alileta maabara karatasi yenye mistari mitatu. Ilisema: Naomba radhi kwa kosa dogo lililotokea.

Mama Chupa aliisoma mara mbili. Kosa dogo! Mtoto amefutiwa jaribio zima na kuchekwa amechekwa. Darasa zima nusura lipoteze mtihani. Naye ameitwa mhujumu mbele ya watoto aliowaoshea vyombo tangu kidato cha kwanza, na huyu bado anaita dogo! Alichukua kalamu ile ya kuandikia lebo, akalikata neno "dogo" kwa mstari mmoja mnyoofu, kisha akairudisha karatasi.

"Namba uliiona ndogo, Mwalimu, nasi tumeona ilikotufikisha. Hili neno liondoe, na utaje kosa lenyewe."

Bingwa alimtazama mwalimu mkuu aliyesimama mlangoni, akitumaini atatetewa. Mwalimu mkuu alikuwa akisoma lebo za kabatini. Basi yule mwalimu mwenye digrii akavuta kigoda cha muosha chupa, akaketi kando ya karai na kuanza kuandika upya. Alipofika kwenye fomula akasahau mabano.

"Mabano, Mwalimu," alimkumbusha Mama Chupa.

Akayaweka. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.